Safari Sitini na Moja za Kwenda Dunga

Saa arobaini na mbili. Huo ndio uliokuwa urefu wa mchezo wangu, na nilimwambia kila mtu aliyepanda ngazi za chuo chetu, awe amekuja kujiandikisha au amekuja kuuliza choo kiko wapi. Nilikuwa nimeupima kwa saa ya ukutani, mchana baada ya mchana, nikiandika kwenye daftari dakika za kila chumba. Vyumba vilikuwa mia na kumi na viwili. Hakuna mtu Kisumu nzima aliyewahi kutengeneza kitu kirefu hivyo kwenye kompyuta, na kama alikuwapo, mimi sikutaka kumjua.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati gugumaji lilipoanza kulifunga ziwa. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja ghorofani, mashine tano, na mwenye chuo alikuwa mama mmoja kutoka Mkoa wa Kati aliyekuja Kisumu kuuza mitumba miaka mingi nyuma, akaiacha mitumba akanunua kompyuta zilizotumika. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Mashine nne zilikuwa za kupiga chapa na mahesabu, skrini zake za rangi moja. Ya tano, ile ya dirishani, ilikuwa ya rangi zote, na ilikuja na mchezo ndani yake. Ulikuwa mchezo wa kizungu wa kuvaa uhusika: unachagua kuwa mpiganaji, mchawi au mwizi, unapewa nguvu kidogo, unaingia kwenye mapango na kasri, unapigana, unaongezeka nguvu, mpaka mwisho unakutana na joka.

Mchezo huo wa wenyewe tuliumaliza mapema. Lakini pamoja nao ilikuja programu ndogo ya kutengenezea safari zako mwenyewe kwa picha zilezile, na hapo ndipo nilipopotelea. Safari hizo za kujitengenezea tuliziita viraka, kwa sababu zilishonwa juu ya nguo ya mtu mwingine. Kiraka changu kilikuwa kasri. Sijawahi kuona kasri maishani mwangu. Nilijaza milango, funguo na ngazi, na nilipoona kwamba muda bado haujafika saa arobaini, niliweka ufunguo wa mlango wa tisini kwenye chumba cha nne, ili mtu arudi njia yote kuuchukua. Palikuwa na ujia mmoja uliochukua dakika nne kuutembea, na ndani yake hamkuwa na kitu chochote. Nilijiambia kwamba ule ujia ulikuwa unajenga hofu.

Nisidanganye, tabia hiyo sikuipata kwenye kompyuta. Katikati ya miaka ya themanini, tukiwa watoto mtaani Kondele, mtoto wa jirani alitengeneza gari la waya lenye magurudumu ya ndala, usukani wake mrefu, akawa analiendesha kutoka mlangoni kwao hadi barabarani huku watoto wote wakimfuata. Roho ilinichoma nikashindwa kula. Nikatafuta waya siku nne, nikatengeneza langu refu kama kitanda. Liliyapita yote kwa urefu, na halikuweza kukata kona hata moja. Nililisukuma moja kwa moja mpaka likaingia kwenye mtaro, na watoto wakarudi kwa jirani.

Aliyemaliza kiraka changu alikuwa mtu mmoja tu, fundi wa taipureta wa ghorofa ya chini, mzee mpole ambaye kazi ilikuwa inamwishia kwa sababu yetu, naye badala ya kutuchukia alikuja kucheza kila saa ya chakula cha mchana. Ilimchukua karibu muhula mzima. Siku alipoliua joka, maandishi yakatokea kumwambia ameshinda, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake nikingoja.

"Basi? Imeisha hivyo?" akauliza.

Nikamwambia anaweza kuanza upya kama mchawi. Akacheka, akaniuliza arudie nini na yeye sasa anajua kila mlango uko wapi. Kisha akafunga vifaa vyake akashuka kazini. Nilimkasirikia siku tatu, nikawa namjibu salamu kwa kichwa tu.

Muhula uliofuata akaja msichana kutoka Dunga, kijiji cha wavuvi ufukweni mwa ziwa. Mama yake alikuwa anachuuza samaki, na alikuwa amemlipia kozi ya kupiga chapa ili apate kazi ya kukaa kitini. Alikuwa mtaratibu, mwenye tabia ya kuangalia kitu mara mbili kabla ya kukigusa, na Kiingereza chake kilikuwa cha kukwamakwama. Kusema kweli nilimdharau kidogo, dharau ile ya mtu wa mjini ambayo haina kelele. Alicheza kiraka changu siku mbili, akafika chumba cha kumi na moja. Siku ya tatu akaja mezani kwangu akaniuliza kama naye anaweza kutengeneza chake. Nikamwonyesha programu nikijua kwamba atachoka.

Hakuchoka. Alimaliza kwa wiki tano, na kiraka chake kilichezwa kwa dakika ishirini.

Dakika ishirini! Nilipoambiwa nilicheka hadi nikaweka kalamu chini. Nikasogea kutazama, nikiwa nimeshatayarisha maneno ya kumtia moyo. Kwenye skrini hapakuwa na kasri. Palikuwa na ziwa. Wewe mchezaji ulikuwa mwanamke mchuuzi mwenye beseni, umetoka nyumbani alfajiri, na ulitakiwa ufike mahali mitumbwi inapotua, ununue samaki, uwafikishe soko la Kondele kabla jua halijawaharibu. Mpiganaji, mchawi na mwizi walikuwa wameondoka. Badala yao ulichagua kuwa mama mwenye mtoto mgongoni, au msichana mwenye mbio, au bibi anayetembea polepole lakini anayejulikana na kila mwenye mtumbwi. Picha zilikuwa zilezile za wazungu. Popo wakubwa wa pangoni alikuwa amewafanya korongo wa Dunga wanaonyakua samaki kwenye beseni lako. Yule askari wa chuma alikuwa mvuvi. Na lile dude la kijani, uteute unaotambaa sakafuni, alilifanya gugumaji.

Gugumaji ndilo lililonimaliza. Lilikuwa linahama. Leo limefunga Dunga, mitumbwi imetua kwingine, nawe umeshapoteza nusu ya asubuhi. Kesho upepo umegeuka, Dunga kweupe. Hukuweza kuukariri mchezo ule. Na ulikuwa unaweka kumbukumbu: uliandika jina lako mwanzoni, na kila uliporudi wavuvi walikujua kwa yale uliyowatendea safari zilizopita. Ukinunua kwa pupa kwa mvuvi wa mwenzako, kesho yake walikugeuzia mgongo. Sikusema yale maneno ya kutia moyo. Nilisema rangi ya maji imekolea mno.

Kufikia Ijumaa palikuwa na foleni kwenye mashine ya dirishani. Watu walimaliza safari, wakainuka, wakaenda nyuma ya foleni wakangoja tena. Fundi wa taipureta naye alikuwamo. Yule aliyeniambia hana sababu ya kurudia alisimama foleni mara tatu mchana mmoja, akacheza kama bibi, kisha kama mama, kisha kama bibi tena, na aliposhuka kazini alikuwa anatabasamu peke yake kwenye ngazi. Nilimwona kutoka juu. Nilihisi kama mtu aliyeachwa na mke akakuta amehamia nyumba ya pili.

Siku moja mamake msichana akapanda kuja kuona ada yake inafanya kazi gani. Alikuja na harufu ya samaki na leso mbili, hakujua kusoma, akaketishwa kitini na binti yake akawa anambonyezea. Beseni likafika ufukweni, na yule askari wa chuma akasogea na mtumbwi wake.

"Oyawore, nyathina," mama akaiambia skrini, vile mtu mzima anavyomwamkia kijana asubuhi huko kwao, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika kuta. Binti yake hakucheka, alibonyeza kitu fulani nami sikujali ni kitu gani, kwa sababu nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Mama alicheza safari tatu bila kuinuka. Kisha akamwambia binti yake, kwa Kijaluo, kwamba upepo wa mchana ameuweka vibaya, huo huwa unatoka upande wa pili, na binti akaandika kwenye karatasi. Mwenye chuo alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, na nilimwona anavyomtazama yule msichana. Hakuwahi kunitazama hivyo hata siku moja, miaka miwili yote niliyokuwa namfanyia kazi.

Hapo ndipo nilipoanza kuwahi kazini. Ufunguo wa chuo tulikuwa nao mimi na mwenye chuo, naye hakufika kabla ya saa tatu. Mimi nikawa nafika saa moja. Nilijiambia naenda kutafuta kasoro, maana mwalimu ana wajibu wa kukagua kazi ya mwanafunzi. Mchezo ukaniuliza jina, nami nisingeandika langu hata kwa viboko. Nikaandika Abiria.

Safari ya kwanza nilifika ufukweni mapema sana, gugumaji likiwa mbali, nikaenda moja kwa moja kwa mtumbwi wa kwanza nikabonyeza kununua. Mvuvi akanijibu kwa maandishi: Abiria, umechelewa leo. Akaniuzia samaki wadogo waliobaki.

Nilitazama saa ya mchezo. Sikuwa nimechelewa. Jua lilikuwa halijachomoza. Nikaona moyoni kwamba hii ndiyo kasoro yenyewe, amekosea hesabu ya muda. Nikaanza tena kwa mhusika mwenye mbio, nikakata njia ya mkato. Umechelewa leo. Nikaanza nikiwa bibi. Umechelewa leo. Siku iliyofuata nilicheza tatu, na iliyofuata tatu nyingine. Nilichora ramani ya gugumaji kwenye daftari lilelile nililopimia vyumba vyangu, nikaandika pepo zake, nikapata njia ya kufika kabla ya korongo hawajaamka. Nilikata kila kitu kilichokula muda. Na kila asubuhi yule askari wa chuma aliyetengenezwa na msichana wa kozi ya kupiga chapa aliniambia kwamba nimechelewa.

Nataka nieleweke. Sikuwa napenda kucheza. Nilikuwa na hasira. Lakini nililala nikifikiria upepo, na niliamka kabla ya jogoo wa jirani, na nilipokuwa natembea kutoka Kondele kwenda mjini asubuhi miguu yangu ilikuwa na haraka ya mtu anayekwenda kuonana na mchumba. Kasri yangu mimi, niliyoijenga karibu mwaka mzima, sikuifungua hata mara moja katika wiki zile. Wivu wa namna hii hauna pa kuuweka. Ukimchukia mtu kwa sababu ana kitu kibaya unaweza kumsema. Huyu nilimchukia kwa sababu alikuwa na kitu ambacho nilikitaka kila asubuhi saa moja kamili.

Mchana nilikuwa mwalimu mwingine kabisa. Nilisahihisha herufi zake kwa kalamu nyekundu zaidi kuliko za wengine. Wanafunzi waliposifu kiraka chake niliwauliza wangesemaje juu ya kitabu kinachosomwa kwa dakika ishirini. Nilisema mchezo mfupi ni mchezo wa mtu aliyeishiwa. Yeye alisikia yote hayo kutoka kwenye mashine yake, akaendelea kupiga chapa.

Mwishoni mwa muhula mwenye chuo akanunua programu mpya ya mahesabu ambayo wanafunzi walikuwa wanaiulizia. Ilihitaji mashine ya rangi, na mashine ya rangi ilikuwa imejaa. Mchezo wa wenyewe hangeutoa, ulikuwa unavuta watu. Akasema kiraka kimoja kibaki, kingine kifutwe. Nilitaka changu kibaki kuliko nilivyotaka mshahara. Disketi za kukitolea hatukuwa nazo za kutosha, kilikuwa kikubwa mno. Kikifutwa pale basi kimekwenda. Chake kilienea kwenye disketi moja.

Tukaitwa mbele ya mashine, wanafunzi wote, na fundi wa taipureta akapanda kusikiliza. Nilijieleza kwanza. Nilisema kuhusu saa arobaini na mbili, vyumba mia na kumi na viwili, na jinsi mtu anavyopata kazi ya muhula mzima kwa kiraka kimoja. Mwenye chuo alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mwalimu, mimi computer sijui sana," akasema. "Lakini mteja najua. Huyu ambaye anarudi ndiye naangalia. Hesabu ni mara ngapi watu wamefungua hii, na ni mara ngapi wamefungua ile."

Hilo lilinifaa kuliko alivyodhani. Kiraka kirefu hakimalizwi kwa kikao kimoja. Kila mtu aliyekuwa ameanza changu alikuwa amekifungua mara nyingi kuendelea alipoachia, hata wale waliokata tamaa. Nikahesabu mbele yao: mara mia na thelathini na moja. Kisha msichana akafungua orodha ya chake. Kila jina lilikuwa na mistari miwili mbele yake, safari na salamu. Jumla ya safari ilikuwa mia na sabini.

Kisha mwanafunzi mmoja akauliza Abiria ni nani.

Jina lilikuwa juu kabisa ya orodha. Safari sitini na moja. Aliyemfuata alikuwa fundi, ana kumi na tisa. Wakaangaliana, kila mmoja akasema si yeye. Mwanafunzi yule akasema, si kwa ubaya, labda mwenye kiraka amejichezea ili hesabu ipande. Mwenye chuo akamgeukia msichana, na uso wake ulikuwa umebadilika. Mtu aliyeuza mitumba sokoni anaijua harufu ya ujanja. Akamuuliza kama Abiria ni yeye.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Ningesema neno moja. Ningesema, ni mimi, na kiraka chake kingebaki na changu kingefutwa, na darasa zima lingejua kwamba mwalimu aliyeudharau mchezo wa dakika ishirini ameucheza mara sitini na moja kwa siri. Nisiposema, safari zile zingeondolewa, zake zingebaki mia na tisa, na ningeshinda. Nilifanya hesabu hiyo upesi sana. Sijawahi kufanya hesabu upesi hivyo.

Fundi akawa ameinama kwenye skrini na miwani yake. Akasema ajabu ni kwamba huyu Abiria hana salamu hata moja, amewezaje kucheza. Akawaeleza wengine, kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mmoja analijua, kwamba ukifika kwa mvuvi unabonyeza kitufe cha kusalimia kwanza, unaulizia watu wa nyumbani, unangoja akujibu, ndipo ununue. Usipomsalimia anakwambia umechelewa, hata ungefika na alfajiri, na samaki wazuri huwekewi.

Kitufe hicho nilikuwa nimekiona. Kilikuwa pale siku zote, nami nilikiruka kwa sababu salamu zilikula dakika moja na nusu kila safari.

Msichana aliangalia ile sifuri muda mrefu. Kisha akainua macho akaniangalia mimi, si kwa hasira. Aliangalia mfuko wa shati langu, ambamo ufunguo wa chuo ulikuwa umening'inia kwa kamba yake, halafu akaangalia uso wangu, akangoja. Alinipa nafasi. Ilikuwa ndefu kuliko ule ujia wangu wa dakika nne, na mimi niliipitisha yote nikitazama dirishani.

"Si mimi, Mama," akasema hatimaye. "Na huyu mtu simjui. Lakini mtu anakuja kwetu mara sixty-one na hasalimii hata siku moja, huyo si wa kuhesabu. Toa yeye."

Mwenye chuo akauliza kama anaelewa akimtoa itakuwaje. Akasema anaelewa. Fundi alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati lake, na alipoivaa tena aliniangalia mara moja tu, akashuka ngazi bila kuaga.

Mimi ndiye niliyeambiwa nifute. Msichana alitoa disketi mfukoni, akanakili kiraka chake, akaondoka kwenye kiti. Nikaandika amri. Mashine ikaniuliza kama nina hakika, kama inavyomuuliza kila mtu. Nikabonyeza ndiyo.

Asubuhi yake nilifika saa moja. Miguu ilinileta tu. Nikawasha mashine ya dirishani, na mle ndani kulikuwa na mchezo wa wenyewe, programu ya mahesabu, na kasri yangu. Nilikuwa nimeshinda. Nikafungua kasri, nikaandika jina langu halisi, nikachagua kuwa mchawi. Nilifika kwenye ujia wa dakika nne. Nilitembea nusu yake nikaizima mashine, nikakaa nikimsikiliza fundi akifungua mlango wa duka lake chini. Ilikuwa saa moja na robo na sikuwa na kitu cha kufanya mpaka saa tatu.

Nilivumilia wiki mbili. Msichana alikuwa amemaliza kozi, na nilisikia kwamba amerudi Dunga kumsaidia mamake huku akitafuta kazi. Jumamosi nikapiga moyo konde nikaenda. Njia nzima nilipanga maneno. Ningemwomba nakala ya ile disketi, nitaitumia mapema asubuhi tu, hakuna atakayejua, na nikimaliza ningefika mahali pa kusema lile neno lingine ambalo sikulisema. Nililipanga hilo pia, lakini nililiweka mwishoni.

Gugumaji lilikuwa limesogea mbali siku hiyo, maji yalikuwa wazi. Mitumbwi ilikuwa imetua muda si mrefu, na korongo walikuwa wamesimama kandokando wakisubiri matumbo ya samaki. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mamake, anaparua magamba kwa kisu. Beseni lake lilikuwa limejaa samaki aina ya ngege hadi ukingoni, wengine bado wanapiga mkia. Jua lilikuwa halijafika juu ya paa la banda.

Mamake aliniona kwanza, akafungua mdomo kuniamkia. Mimi nilikuwa na maneno yangu mdomoni na nilihofu yatapotea. Nilisimama mbele ya beseni.

"Ile disketi," nikasema, "bado unayo?"

Kisu kikasimama juu ya samaki. Hakuinua kichwa.

"Abiria," akasema, "umechelewa leo."